Mbwa Wanaozurura Kijijini: Kabla Hujaita Watu wa Bunduki, Soma Hapa

Niliahidi kuendelea na somo la kuhifadhi malisho ya kiangazi, na wale mlionikumbusha kwa simu nawaomba radhi, somo litakuja. Leo naomba tuzungumze kuhusu mbwa. Najua wapo watakaosema bwana mifugo kaishiwa mada. Subiri kwanza.

Mwezi wa tatu, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa mama mmoja wa kitongoji cha chini, anafuga mbuzi wa maziwa na ng'ombe mmoja wa ndani. Hakunisalimia. Alisema tu, "Dokta, njoo uone." (Huku kwetu upande wa Meru kila anayeshika sindano ni dokta. Mimi nina diploma ya mifugo, nimeshachoka kuwasahihisha.) Nilipofika nilikuta mbuzi watano wako chini. Watatu wameshakufa, wawili wanahema na matumbo yako nje. Banda lake ni la mabanzi, na banzi moja la chini lilikuwa limeoza kwa mkojo. Mbwa walipita hapo hapo. Wala hawakula mbuzi hata mmoja wakammaliza. Waliuma huyu, wakaangusha, wakahamia kwa yule. Mbwa wakishakuwa kundi ndivyo wanavyofanya, hata aliyeshiba nyumbani kwao anaingia kwenye fujo.

Wale wawili ilibidi tuwamalizie mateso. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi minne. Majirani walikuwa wameshafika na visu, na mmoja ameshaanza kuuliza bei ya paja, nikawaambia hakuna kula. Mnyama aliyeumwa na mbwa usiyemjua, usimchune wala usile nyama yake. Tukachimba shimo refu tukafukia wote watano. Yule mama alisimama pembeni ameshika ndoo ya kukamulia. Alikuwa ameshatoka nayo kwenda kukamua, hajaiweka chini bado.

Siku nne baadaye mtoto wa darasa la pili akaumwa pajani akipita karibu na machinjio yetu. Mbwa alimuuma, akakimbilia kwenye migomba, hakuonekana tena. Bibi yake alifanya jambo moja la maana sana: alimwosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu, huku mtoto analia na watu wanamwambia aache kumtesa. Kisha wakaniita. Nikawapakia kwenye pikipiki mpaka hospitali.

MKUTANO WA KIJIJI

Jumamosi hiyo mwenyekiti aliitisha mkutano. Watu walikuwa wengi kuliko hata ule wa mbolea ya ruzuku. Hoja ilikuwa moja: mbwa wauawe. Wengine walitaka tuandike barua tuletewe watu wa bunduki. Wengine wakasema hakuna haja, nyama kidogo na dawa ya wadudu vinatosha, kazi ya usiku mmoja. Wakapiga makofi. Kisha mwenyekiti akanigeukia, "Bwana mifugo, wewe ndiye mtaalamu, unasemaje?"

Nilikaa kimya muda mrefu, na sababu yake naiandika hapa kwa mara ya kwanza.

Miaka ya nyuma, nikiwa kijana mgeni kazini katika wilaya nyingine, ilitoka amri ya kupunguza mbwa. Mimi ndiye niliyezunguka na daftari nikiwaonesha watu wa bunduki nyumba ambazo mbwa wanafunguliwa mchana. Tulianza asubuhi tukamaliza jioni. Kwenye nyumba moja mzee alitoka ameshika kadi ya chanjo, ananionesha mhuri. Mhuri ulikuwa wangu. Mbwa yule nilimchanja mwenyewe miezi miwili nyuma. Lakini alikuwa nje ya uzio, na amri ilisema mbwa yeyote aliye nje ya uzio. Mzee hakugombana na mtu. Aliikunja ile kadi akairudisha mfukoni, akaingia ndani.

Mwaka uliofuata nikatangaza chanjo ya bure. Mwaka wa kwanza walikuwa wameletwa mbwa zaidi ya mia moja. Safari hii nilikaa chini ya mti mpaka saa nane mchana wakaja wavulana wawili na mbwa mmoja. Na mbwa pale kijijini hawakuwa wamepungua. Walikuwa walewale kwa wingi, tofauti ni kwamba sasa karibu wote ni wachanga na hakuna aliyechanjwa.

Basi nikasimama nikawaeleza hivyo hivyo. Minong'ono ikaanza. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Kwa hiyo tusubiri watoto wetu waliwe?" Swali la haki kabisa. Niliomba miezi miwili. Mwenyekiti akanipa mmoja.

KWA NINI KUUA HAKUSAIDII

Ukiua nusu ya mbwa wa kijiji, chakula kilichowaweka hapo hakijaondoka. Mifupa ya machinjio ipo, jalala la soko lipo. Jike aliyebaki anapata chakula cha kutosha, watoto wake wengi zaidi wanapona. Na binadamu naye haishi bila mbwa wa ulinzi: wiki mbili haziishi, mtu ameshaleta kijibwa kutoka kwa shemeji yake kijiji cha pili. Hakijachanjwa, na hakuna ajuaye kinatoka wapi.

Wenzetu wa Indonesia walilipa ada ya somo hili. Kisiwa cha Bali kiligundulika kuwa na kichaa cha mbwa mwaka 2008. Wakaanza kuua mbwa, wakaua maelfu kwa maelfu, na ugonjwa ukazidi kusambaa kisiwani. Walipogeukia chanjo ya mbwa wengi kwa wakati mmoja ndipo vifo vya watu vikaanza kushuka. Hatuna haja hata ya kwenda mbali hivyo. Pemba hapa hapa walichanja mbwa kwa bidii, ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Ukarudi 2016, wakachanja tena, na kufikia 2018 ulikuwa umekatika. Kisiwa kina faida yake, bahari ndiyo uzio, ila mnaona kwamba hata huko mlango ukiachwa wazi ugonjwa unarudi.

Siri ya kichaa cha mbwa ni kwamba hakisambai haraka kama watu wanavyodhani. Utafiti uliofanywa wilaya ya Serengeti ulifuatilia mbwa mmoja mmoja aliyeugua, na ukaonesha kwamba kwa wastani mbwa mgonjwa anaambukiza mwingine mmoja na ushee tu. Ndiyo maana ukichanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakosa pa kwenda. Si lazima uwapate wote. Lakini hiyo 70 lazima uifikie na uishike, na hapo ndipo suala la kuzaana ovyo linapoingia, maana kila uzao mpya unaishusha asilimia yako. Leo umechanja 70, baada ya mwaka mmoja wengine wamekufa, vijibwa vimezaliwa, umerudi 40 bila mtu kukuambia.

Kuhusu kuzaana naomba nisahihishe kitu. Kuna hesabu inazunguka kwenye simu kwamba mbwa jike mmoja na uzao wake wanafikia makumi ya maelfu ndani ya miaka sita. Hesabu hiyo imesahau vifo. Kijijini vijibwa vingi vinakufa kabla ya mwaka, kwa minyoo, njaa, magari na maradhi. Ukweli wenyewe unatosha bila chumvi: jike hubeba mimba siku 63 hivi, huzaa watoto wanne mpaka wanane, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Hao ni kumi na zaidi kutoka nyumba moja. Nani anawahitaji?

MBWA WASIO NA MWENYEWE

Tulizunguka siku tatu kuhesabu: mimi, mwenyekiti wa kitongoji, na vijana wawili wa bodaboda wanaojua kila kichochoro. Tukiona mbwa tunauliza, huyu ni wa nani? Jibu lilikuwa moja kila mahali: hana mwenyewe. Siku ya kwanza jioni daftari langu lilionesha kwamba kijiji kizima hakina mtu mwenye mbwa. Siku ya pili tukabadilisha mbinu, tukauliza watoto. Mtu mzima akisema "huyo hana mwenyewe," mtoto aliyesimama nyuma yake anasema, "Si Simba huyo, wa kwa bibi." Watoto wanajua. Mbwa wengi tuliowaita koko walikuwa na majina, na walikuwa na nyumba wanakolala, ila hakuna anayewalisha, na wakifanya kosa hakuna anayewajua. Wasio na kwao kabisa tulipata wachache, karibu wote pale machinjio.

Siku ya tatu, nyuma ya machinjio, tuliliona lile kundi lenyewe. Mbwa saba wamelala kwenye jua. Mmoja, dume la rangi ya kahawia, ana mguu wa mbele wa kushoto mweupe kama kavaa soksi. Nilimtazama mara mbili. Nilimpiga picha, jioni nikamwonesha mke wangu bila kusema kitu. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mwenzangu, huyu si wa tumbo la Pori?"

Pori ni mbwa wetu. Mwaka juzi alizaa sita. Wawili walichukuliwa na majirani, mmoja alikufa, na watatu waliobaki niliwatia kwenye boksi nikaenda nao kwenye gulio, nikawagawa kwa yeyote aliyenyoosha mkono. Mtoto mmoja wa kiume alichukua yule mwenye soksi. Sikumuuliza jina wala anakaa wapi. Mimi, mtu wa mifugo, ninayewafundisha ninyi kuweka kumbukumbu za ng'ombe.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa yule mama wa mbuzi nikamwambia. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Na dawa ya kuwazuia wasizae ipo?"

WATU WA KUJITOLEA

Upasuaji wa mbwa si kazi yangu, na naomba mnielewe vizuri hapa. Kutoa kizazi kwa jike na kuhasi dume kwa dawa ya usingizi ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Wale wanaohasi mbwa kwa wembe huku wamemfunga kwenye mti, waache. Ni ukatili, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na mbwa wengi wanaofanyiwa hivyo wanaoza kidonda.

Kwa bahati mwalimu mmoja mstaafu wa hapa kwetu alikuwa anafahamiana na kikundi cha watu wa Arusha mjini wanaojitolea. Nchini wapo wa namna hiyo zaidi ya mnavyofikiri. Dar es Salaam wapo TAWESO, Zanzibar wapo ZAASO, na hapa Usa River wapo Mbwa wa Africa. Hawa waliokuja kwetu ni kikundi kidogo: daktari mmoja wa kike, msaidizi wake, dereva, na vijana watatu ambao siku za kazi wanafanya mambo mengine kabisa, mmoja ni fundi simu. Hawalipwi. Dawa wanachangisha kwa wasamaria. Walitutaka vitu vinne tu: darasa lenye sakafu ya saruji, maji mengi, meza nne imara, na watu wa kushika mbwa.

Tukakubaliana wikiendi moja, chanjo kwa wote, upasuaji kwa watakaowahi. Siku tano kabla nilipita na kipaza sauti. Msikitini na makanisani walitutangazia. Sikutegemea kitu, bado ile picha ya mimi chini ya mti ilikuwa kichwani.

Jumamosi saa moja na nusu foleni ilikuwa imefika barabarani. Watoto wengi, mbwa amefungwa kamba ya katani, waya, mkanda wa suruali, kitenge. Msichana mmoja alimleta wa kwao kwenye toroli, amekaa kama mheshimiwa. Mbwa wawili walipigana, foleni nzima ikatawanyika, na mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sabini, ndiye aliyewatenganisha kwa ndoo ya maji. Kila aliyechanjwa alifungwa utepe shingoni, ili tukizunguka baadaye tuwajue wasiokuja.

Ndani ya darasa kulikuwa kimya. Daktari alimchoma mbwa sindano ya usingizi, anasubiri, anampima, ananyoa tumbo, anasafisha, kisha anafanya kazi kupitia tundu dogo ambalo sikuamini linatosha. Jike mmoja alimchukua kama nusu saa, dume pungufu ya hapo. Nje ya dirisha watoto walijazana, na daktari badala ya kuwafukuza akawa anawaeleza: hiki ndicho kizazi, hapa ndipo vijibwa vinapokaa. Mtoto mmoja akauliza kama anaumia. "Sasa hivi hapana. Jioni ataumia kidogo, na wewe utamwekea kitanda." Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaangalia wanaozinduka, wamelazwa kwenye magunia kivulini, nikiwageuza na kuhakikisha ulimi haujaziba koo.

Siku ya pili mchana mbwa mmoja alikufa mezani. Jike la kijana wa bodaboda, mmoja wa wale wawili waliozunguka nami. Lilikuwa limekonda, na damu yake daktari aliiona nyepesi tangu mwanzo. Nadhani kupe na minyoo walikuwa wameshammaliza ndani kwa ndani. Daktari alihangaika naye muda mrefu. Kisha akavua glovu, akatoka nje yeye mwenyewe kwenda kumwambia mwenyewe. Hakunituma mimi. Kijana alipiga kelele, akasema tumemuua mbwa wake kwa majaribio, watu wakaanza kusogea. Watatu walifungua kamba wakaondoka na mbwa wao. Daktari alisimama pale pale akasikiliza mpaka mwisho, akamweleza alichokiona, akamwomba msamaha. Walimzika pamoja nyuma ya shule. Yule kijana hajaongea nami tangu siku hiyo. Nikimpungia barabarani anaangalia mbele. Simlaumu.

Naandika hili kwa sababu ukiandaa zoezi kama hili mahali pako, waambie watu ukweli kabla: dawa ya usingizi ina hatari yake, hasa kwa mnyama dhaifu. Mimi sikuwaambia. Nilikuwa nahofia wasije.

MZEE NA DUME LAKE

Upinzani mkubwa haukuwa kwa majike. Ulikuwa kwa madume. Mzee mmoja, jirani yangu, alileta jike lake bila maneno lakini dume akasema hapana. "Ukimhasi atakuwa mzembe. Mwizi ataingia atamkuta amelala." Nikamwuliza, "Mzee, maksai wako wanalima?" Akasema wanalima kuliko fahali. "Basi." Akaguna. Mbwa aliyehasiwa anabweka vilevile. Anachopunguza ni kuzurura kufuata majike wenye joto na kupigana. Madume wanaopotea siku tatu wakarudi na masikio yamechanika mnawajua. Siku hizo tatu nyumba yako inalindwa na nani?

Hata hivyo, ukilazimika kuchagua kwa sababu dawa ni chache, anza na majike. Dume mmoja aliyebaki anatosha kijiji kizima.

YANAYOKUHUSU WEWE MFUGAJI

Mbali na kichaa, mbwa anayezurura ana mambo mengine zizini kwako. Mmeshaona mbuzi anazunguka duara upande mmoja, kichwa kimeinama, mwisho anaanguka? Wengi wanasema karogwa, au wanachoma sindano za kila aina. Mara nyingi ni kizunguzungu kinacholetwa na uvimbe wa maji ndani ya ubongo. Chanzo chake ni minyoo ya tegu ya mbwa. Mbwa anakula kichwa cha mbuzi mgonjwa, minyoo inakomaa tumboni mwake, anakunya kwenye malisho, mbuzi anakula mayai. Ukimchinja mbuzi wa kizunguzungu ukamtupia mbwa kichwa, umeshafunga duara mwenyewe. Choma kile kichwa au fukia shimo refu. Kuna uvimbe mwingine wa aina hiyo kwenye ini na mapafu, na huo unaingia hata kwa binadamu, hasa watoto wanaocheza na mbwa. Maini yenye malengelenge ya maji, usimpe mbwa. Mbwa apewe dawa ya tegu yenye prazikwanteli. Uliza duka la mifugo, na kipimo kiendane na uzito wake.

Hata wanyamapori yanawafika. Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa homa inayoitwa distempa, na virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Ndiyo sababu mbwa wa kule wamekuwa wakichanjwa kwa miaka mingi.

Machinjio yetu sasa yana shimo lenye mfuniko. Haikuwa rahisi. Wachinjaji walisema mbwa wanawasaidia usafi. Mtendaji wa kijiji ilibidi awafungie siku mbili, nyama ikapanda bei, wake zao wakawaambia chimbeni shimo. Likachimbwa.

Chanjo nazo msiziogope kwa kukosa friji. Utafiti ulionesha kuwa aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa inabaki na nguvu hata ikikaa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, na mkoani Mara wameshatumia vyungu maalumu vya udongo vinavyopozwa kwa maji kuihifadhi vijijini. Lakini hiyo si ruhusa ya wewe kuweka chupa juu ya kabati. Chanjo si zote sawa, na joto la bati la nyumba zetu mnalijua.

MTU AKIUMWA

Hapa naomba usome taratibu, na mwoneshe na bibi asiyesoma. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake majani, mafuta ya taa wala pilipili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukaanze sindano za kinga, na umalize zote kwa tarehe ulizoandikiwa, hata kidonda kikipona. Ugonjwa huu hukaa kimya, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, wakati mwingine zaidi, na ukishaonesha dalili hautibiki. Watu kama 59,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa makadirio ya wataalamu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne kati ya kumi wanaoumwa ni watoto chini ya miaka 15. Mbwa aliyeuma akikamatika usimuue. Mfungie siku kumi umwangalie, ukinitaarifu mimi au ofisi ya mifugo ya kwenu. Akibadilika tabia au akifa ndani ya siku hizo, tupate kichwa chake kwa uchunguzi. Usikikate mwenyewe. Na hospitali hawasubiri siku kumi, sindano zinaanza leo.

Yule mtoto wa darasa la pili alimaliza sindano zake zote. Bibi yake aliuza jogoo watatu na debe mbili za maharage kwa ajili ya nauli na gharama. Nimemwona juzi anacheza mpira. Akiona mbwa bado anahamia upande wa pili wa barabara.

Mama wa mbuzi tumemsaidia kubadilisha mabanzi ya chini kwa mawe na saruji. Amepata mbuzi mmoja jike kwa utaratibu wa kopa mbuzi lipa mbuzi. Dume mwenye soksi nyeupe tulimkamata siku ya pili ya zoezi, kwa matumbo ya mbuzi na uvumilivu wa saa tatu. Amehasiwa, amechanjwa, na sasa amefungwa kwangu, na gharama ya wale mbuzi nalipa kidogo kidogo. Pori naye keshatolewa kizazi. Mbwa wengine wanne wa lile kundi walipata chanjo, wawili hatujawahi kuwaona tena.

Kikundi kinarudi Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Shule ile ile, kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Mbwa wa kupasuliwa asile kitu kuanzia jioni ya Ijumaa, maji anywe mpaka asubuhi. Jike anayenyonyesha mwache nyumbani kwa upasuaji, ila chanjo aje apate. Vijibwa vije vyote, hata vidogo. Mlete kwa kamba, si waya, na aje mtu anayemjua, si mtoto peke yake. Ukirudi naye mlaze ndani pakavu siku tatu za mwanzo, usimwogeshe kwa siku kumi, na kama analamba mshono, kata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, mvalishe shingoni. Akivimba au kidonda kikitoa usaha nipigie, hata usiku.

Yule mzee jirani aliniita jana kwenye uzio. Akaniuliza kama Jumamosi hiyo nafasi za madume zitakuwepo. Nikamwambia zipo. Akasema anauliza tu.